Nia Njema ni Tabibu?

Wahenga walisema: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Methali hii imekaa vinywani mwa watu wa pwani kwa muda mrefu, na hapana aliyeona haja ya kuishitaki, kwani ukweli wake huonekana kila siku. Neno jema humpoza aliyeungua moyo, na neno ovu humwongezea jeraha. Lakini methali ina desturi yake. Husema jambo kwa ufupi, kisha humwachia msikilizaji kazi ya kulipima. Je, nia njema ni tabibu kweli, au ni hodi tu anayoipiga tabibu kabla ya kuingia? Na mgonjwa asipopona, nia njema inadaiwa nini?

Swali hili si la vyuoni peke yake. Msomaji na amfikirie mama mmoja wa mfano, asiye na jina kwa kuwa si mtu mmoja. Alikuwa akilima mpunga katika bonde la Rufiji, na mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika sehemu kubwa za wilaya za Rufiji na Kibiti, yakamchukulia shamba na nyumba. Akapanda kwa ndugu zake Mtawanya, katika wilaya hiyohiyo ya Kibiti. Jina la mahali hapo humkumbusha mtu kitenzi cha kutawanya, na jamaa zake kweli wametawanyika: mume amekwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, mtoto mkubwa yuko kwa shangazi yake Ikwiriri. Maji yalikwisha kushuka zamani. Yeye moyo wake haujashuka. Usiku hulala saa mbili tatu, huamka kifua kikimwenda mbio, chakula hakimpiti kooni, na jembe alilonunuliwa na kaka yake limeegemea ukuta bila ya kuguswa. Akiulizwa ana nini, hujibu kwa neno moja: mawazo.

Wanamjia watu wa kila namna. Jirani huleta uji na kukaa naye kimya. Shangazi humwambia ajikaze, kwani Mungu hamtupi mja wake. Shehe humsomea. Mganga huona dalili za pepo na kutaka ngoma. Kijana wa shirika moja, aliyepata mafunzo ya siku mbili, humwomba asimulie usiku ule wa maji tangu mwanzo hadi mwisho, asiache kitu, ili autue mzigo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja na ubaya. Wote wana nia njema, na wote, ukiwauliza, watasema kwamba wamekwisha kuwaona watu waliopona kwa njia wanayoifuata.

Kuna mtu mwingine ambaye aghalabu hafiki Mtawanya, kwa kuwa wenzake ni wachache na wengi wao wako mijini: mwanasaikolojia tiba. Huyu si daktari wa magonjwa ya akili, wala haandiki dawa. Chombo chake ni mazungumzo yenye mpango. Lakini hicho siyo kinachomtenga na waliotangulia, kwani jirani naye huzungumza, na shehe naye ana mpango. Kinachomtenga ni deni alilofunzwa kulikubali. Yeye ameapizwa na elimu yake kwamba haitoshi kuamini kuwa njia yake inaponya. Hana budi kuonyesha.

Deni hilo lina historia. Mwaka 1896 Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mahitaji ya askari waliorudi na majeraha ya nafsi yalipozidi, walimu wa fani hiyo walikutana Boulder, Colorado, mwaka 1949, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba afunzwe kazi mbili kwa pamoja: kutibu, na kuchunguza kama alichokitibu kimetibika. Mwaka 2005 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilipitisha tamko lililoeleza kuwa tiba yenye kutegemea ushahidi husimama juu ya mafiga matatu: utafiti bora uliopo, ujuzi wa mtibabu, na hali ya mgonjwa mwenyewe pamoja na utamaduni wake na matakwa yake. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika.

Pwani ya Waswahili haikuwa na haja ya kusubiri Boulder ili ijue kwamba nia peke yake haimwokoi mtibabu na lawama. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, na kwa wapokezi wengine, hadithi ya Mtume inayombebesha dhamana mtu anayejitia kutibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu. Hadithi hiyo haikuuliza nia yake. Kadhalika Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, ameeleza jinsi alivyowatoa damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya ubongo na kuwaacha wengine kwa makusudi bila ya kuwatoa, ili apate kujua kama kutoa damu kunafaa. Kulinganisha aliyetibiwa na asiyetibiwa si uzushi wa wazungu wa juzi.

Hapa ndipo inapotakiwa kupambanua mambo mawili ambayo methali imeyafunga katika fundo moja. Nia ni mali ya mtenda. Taathira ni mali ya mtendewa. Mwenye kutenda kwa nia njema ana ujira wake kwa Mola wake na heshima yake kwa watu. Lakini mama wa Mtawanya haishi ndani ya nia ya mtu mwingine. Yeye huishi ndani ya usiku wake mwenyewe, na usiku huo ama umefupika ama haukufupika.

Mfano mwema wa kazi hiyo uko karibu na Waswahili, nchini Uganda. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka zilizokuwa zimeumizwa sana na ukimwi, watafiti walioongozwa na Paul Bolton walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo ingeweza kuwasaidia wanavijiji wenye sonona. Aliyekuwa miongoni mwao ni Helen Verdeli, mwanasaikolojia tiba mwenye asili ya Ugiriki na mwalimu katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Tiba waliyoichagua iliasisiwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman nchini Marekani katika miaka ya 1970, na msingi wake ni mwepesi kuueleza: huzuni iliyozama huambatana na jambo lililotokea baina ya mtu na watu wake, kama vile kufiwa, ugomvi, au kubadilika kwa maisha. Katika kikundi, mtu husaidiwa kulitambua jambo hilo na kulishughulikia.

Kabla ya tiba, waliuliza. Wenyeji walieleza maradhi mawili waliyoyajua tangu hapo na kuyapa majina kwa Kiganda. Moja maana yake ni kujichukia, la pili ni kujihurumia. Orodha ya dalili iliyotungwa Marekani ikarekebishwa ikidhi maneno hayo. Vijiji 30 vilichaguliwa, kisha kura ikaamua vipi vipate tiba na vipi visubiri. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, bali watu wa hukohuko waliofunzwa kwa majuma mawili. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2003, yanastahili kusomwa polepole. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokuwa na sonona kabla walikuwa asilimia 86. Baada ya tiba, asilimia 6.5. Mwenye haraka atashangilia hapo na kufunga kitabu. Mwenye hekima ataendelea hadi mstari wa pili: katika vijiji vilivyosubiri, walikuwa asilimia 94 mwanzoni, na mwishoni asilimia 54.7. Yaani karibu watu wanne katika kila kumi walitoka katika sonona bila ya tiba hiyo kabisa.

Mstari huo wa pili ndio somo lote la ushahidi. Lau mganga angepiga ngoma katika vijiji vile vilivyosubiri, angewaona wanne kati ya kumi wakiinuka, na angeapa kwa haki ya ngoma yake. Lau shangazi angewaambia wajikaze, angeapa kwa haki ya kujikaza. Wala mwanasaikolojia asiyehesabu asingekuwa bora kuliko wao. Angeapa kwa haki ya shahada yake. Kila mmoja angetoa ushuhuda wa kweli, maana watu wamepona kweli mbele ya macho yake, na kila mmoja angekosea sababu. Lugha ya Kiswahili imeyatenga maneno haya mawili kwa herufi chache tu: ushuhuda na ushahidi. Ushuhuda husema, "niliona." Ushahidi husema, "niliona, kisha nikajiuliza ningaliona nini lau nisingefanya kitu."

Kwa wasomaji wa ushairi kuna habari nyingine kutoka Uganda, iliyo chungu zaidi. Miaka michache baadaye, watafiti haohao walikwenda katika kambi mbili za watu waliohamishwa na vita karibu na Gulu, kaskazini mwa nchi hiyo. Vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17 waligawiwa kwa kura katika makundi matatu: wengine walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi, wengine walipewa michezo na sanaa, na wengine walisubiri. Nani asingedhani kwamba watoto waliovunjwa na vita watafunguliwa nyoyo na sanaa? Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalikataa. Tiba ya mazungumzo iliwapunguzia wasichana huzuni waziwazi; kwa wavulana tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Michezo na sanaa haikuonyesha kuipunguza huzuni ile kuliko kusubiri.

Mpenzi wa ushairi ana haki ya kushituka, lakini hana haki ya kuyatupa matokeo kwa sababu hayampendezi. Hiyo ingekuwa ndiyo desturi ileile ya mganga. Anachoweza kusema kwa uadilifu ni kwamba wimbo haukuomba leseni ya utabibu. Mama anayetwanga huku akiimba hautumii wimbo kama kidonge. Wimbo ni namna yake ya kuwa mtu ndani ya kazi na ndani ya dhiki. Sanaa ina heshima ya kutosha bila ya kuvikwa koti jeupe ambalo halikushonewa. Na mtoto wa Gulu aliyekuwa akihitaji tiba, kisha akapewa kalamu za rangi na kuambiwa kuwa hiyo ndiyo tiba, amedhulumiwa na watu wanaompenda.

Tena kuna mahali ambapo nia njema huenda ikadhuru. Kwa miaka mingi, katika nchi tajiri, watu waliopatwa na ajali walikuwa wakiketishwa mara moja, siku chache baada ya tukio, wakatakiwa wasimulie yote yaliyowapata na jinsi walivyohisi. Kila mtu alidhani ni jambo jema. Wengi wa waliofanyiwa hivyo walisema wamefaidika. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake huko Wales walichapisha uchunguzi juu ya watu walioungua moto. Baada ya miezi 13, waliosimulishwa namna hiyo, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe; wasiosimulishwa, asilimia 9. Haki inataka isemwe kwamba kundi la kwanza lilikuwa limeumia zaidi tangu awali, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu. Lakini tafiti nyingine nazo hazikuona faida, na Shirika la Afya Duniani halishauri tena kikao hicho cha mara moja. Kijana wa shirika aliyemtaka mama wa Mtawanya asimulie usiku ule bila ya kuacha kitu hakujua habari hizi. Kutojua kwake si dhambi. Dhambi, ikiwa ipo, ni ya yule anayeweza kujua na akaona nia yake imemtosheleza.

Isidhaniwe kwamba Rufiji ni mgeni wa hesabu za namna hii. Katika miaka ya 1990, Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kibiti ndani yake, pamoja na Wilaya ya Morogoro Vijijini, ziliingizwa katika mradi wa Wizara ya Afya uliojulikana kwa jina la TEHIP. Swali la mradi lilikuwa fupi: je, fedha za afya zikigawanywa kwa kufuata maradhi yanayoua watu, badala ya kufuata mazoea ya ofisi, vifo vitapungua? Ili kujibu, ilibidi kwanza kujua nani anakufa na kwa nini, katika nchi ambayo wengi hufia nyumbani. Kuanzia mwaka 1998, wahojaji walipita nyumba kwa nyumba Rufiji, wakiandika wanaozaliwa, wanaohama na wanaofariki, na kila palipotokea kifo walirudi baada ya siku za matanga kuwauliza wafiwa jinsi maradhi yalivyokwenda. Ilionekana kuwa malaria, iliyokuwa ikiua watoto wengi, ilikuwa ikitengewa fedha kidogo mno. Mgao ukarekebishwa, na katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Kuna la kuzingatiwa hapo mbali na tarakimu. Ushahidi ule uliokoa watoto ulitoka vinywani mwa mama na bibi waliokubali kusimulia kifo kwa mgeni mwenye karatasi. Kila nambari katika jedwali ilikuwa kwanza msiba. Basi anayesema kwamba hesabu ni baridi na msiba ni moto hajatazama vizuri. Hesabu njema ni misiba mingi iliyoheshimiwa kiasi cha kutosahauliwa hata mmoja.

Pamoja na hayo, yapo mapingamizi matatu ambayo mwenye insafu hawezi kuyaruka.

La kwanza ni kwamba ushahidi hunena habari za kundi, na mgonjwa ni mmoja. Asilimia 6.5 ni ndogo, lakini mtu aliye ndani yake hakupona kwa asilimia mia. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna jedwali lililowahi kulala katika kitanda cha mtu. Jibu la mwanasaikolojia mwema si kulikana pingamizi hili, bali kulifanyia kazi. Ushahidi wa kundi humwambia pa kuanzia, haumwambii pa kumalizia. Kila juma hana budi kumwuliza mgonjwa huyu mmoja kwa utaratibu: usingizi je, chakula je, jembe limeguswa? Akiona majuma yanapita na hakuna kinachobadilika, ni juu yake kubadili njia au kumpeleka kwa mwingine, na kusema kwa ulimi wake kwamba aliyoyadhani hayakuwa.

La pili ni kwamba ushahidi huzaliwa mahali, na si kila uliozaliwa mbali hujua kupiga hodi. Mtu wa pwani huenda asikubali kamwe kwamba ana huzuni, ilhali atakubali kwamba ana mawazo, kwamba moyo unamwenda mbio, kwamba kichwa kimejaa. Dodoso likimwuliza kwa maneno asiyoyatumia, litaandika kuwa mzima mtu anayezama. Kwa sababu hiyo kazi ya Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili ni ya thamani. Mwaka 2002 walichapisha uchunguzi uliojaribu orodha ya dalili kwa Kiswahili, miongoni mwa wanawake wajawazito wenye virusi vya ukimwi, ili ijulikane kama inawatambua kweli wenye sonona. Hawakuchukulia kwamba orodha iliyofaa ng'ambo itafaa Tanzania. Waliiweka mizani yenyewe mizanini. Pingamizi hili, basi, haliuvunji ushahidi. Linataka ushahidi zaidi, na linataka utafutwe kwa lugha ya wenyewe.

La tatu ndilo zito, na Kibiti ina sababu ya kulijua. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na askari waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja Mkengeni, Kibiti. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo alitoweka Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, na hadi leo hajaonekana. Nyumba iliyofiwa ina kaburi. Nyumba ya aliyetoweka haina kaburi wala haina mtu, na wanaokaa ndani yake hawajui waomboleze au wangoje. Mafakihi walilijua jambo hili kwa jina la mafkudi. Wapo waliomwekea mke wa mafkudi miaka minne ya kungoja, kisha eda, kwa kuwa waliona kwamba kungoja kusiko na mwisho ni adhabu. Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia nchini Marekani, amelifanyia kazi tangu miaka ya 1970, na fundisho lake kubwa ni kwamba mtu wa namna hiyo asisukumwe kufunga ukurasa ambao haujaandikwa.

Je, mwanasaikolojia amfanyie nini mwenye msiba huo? Anaweza kumsaidia alale, ale, awalee watoto wake. Hayo si madogo. Lakini akiichukua orodha yake ya dalili na kudhani kwamba alama zikishuka kazi imekwisha, ameukosea uadilifu. Kuna maumivu ambayo si ugonjwa, bali ni swali, na swali "yuko wapi?" halijibiwi na tiba. Linajibiwa na ushahidi wa namna nyingine, ule unaotolewa na wenye dhamana ya kutafuta na kueleza. Tiba inayomnyamazisha muulizaji ili wengine wapumzike si tiba hata kama imepita katika majaribio yote ya dunia. Kwa hiyo mwanasaikolojia hana budi kujua mpaka wa elimu yake na kuusema: ushahidi wangu unaweza kukwambia kama umepata nafuu, hauwezi kukwambia kama umetendewa haki.

Mapingamizi matatu yakishapimwa, kinachobaki ni kidogo kuliko majivuno ya wataalamu, na kikubwa kuliko dharau ya wanaowapinga. Tiba yenye kutegemea ushahidi si dini mpya wala si mashine. Ni adabu. Ni adabu ya mtu anayejua kwamba moyo wake humdanganya, hasa pale anapompenda anayemtibu. Kwamba shukrani za mgonjwa ni tamu na hupofusha. Kwamba aliyepona huja kusalimia na asiyepona hupotea kimya kimya, hata mtibabu akabaki na orodha ndefu ya mafanikio ambayo nusu yake imeandikwa na kutokuwapo kwa wengine. Adabu hiyo ikimkosa, shahada za Muhimbili na New York hazimfai kitu. Ikiwapo, hata mtu aliyefunzwa kwa majuma mawili, kama wale wa Rakai na Masaka, anaweza kuwa msaada wa kweli.

Wala adabu hiyo haimfukuzi yeyote ukumbini kwa mama wa Mtawanya. Jirani na aendelee kuleta uji. Hapana aliyethubutu kuonyesha kwamba mtu hupona haraka kwa kuachwa peke yake na njaa. Shehe na asome, kwani mama huyu ana Mola kabla ya kuwa na ugonjwa. Shangazi na aje, ingawa ingefaa apunguze kumwambia ajikaze, maana amekwisha kujikaza hadi amekatika. Na siku atakapofika yule wa sita, mwenye deni la kuonyesha, asianze na dodoso wala na usiku wa maji. Aanze na jembe lililoegemea ukuta. Amwulize mama mwenyewe: siku ukipata nafuu, sisi tutaijuaje?

Huenda akajibu kwamba ataijua siku atakapolala hadi alfajiri. Huenda akasema ni siku atakapoweza kusikia mvua bila ya kusimama. Lolote atakalosema, hiyo ndiyo iwe mizani, na tabibu akubali kupimwa kwayo, juma baada ya juma, mbele ya macho ya mwenye maradhi. Nia njema imemfikisha mlangoni. Akishaingia ndani, mwenye kusema kama yeye ni tabibu ni mama.